Uzoefu wangu wa kutibiwa kiuno kilichokaza kwa mikono ya mtaalamu wa fiziotherapia

Mimi ni fundi cherehani mjini Morogoro. Baada ya kushona nguo za Idi mwaka jana, kiuno changu kilikaza kiasi kwamba nilipotaka kuinuka kitini ilinibidi nishike meza kwanza, nijivute, kisha nisubiri hadi mgongo ukubali kunyooka. Hali hiyo ilidumu kwa zaidi ya miezi mitatu. Mkandaji wa kwanza niliyemwendea alinichua kwa kiwiko kwa nguvu zake zote bila kuniuliza lolote, na kwa siku mbili zilizofuata sikuweza hata kuinama kufunga viatu.

Ndipo nikaenda kwenye kliniki ya fiziotherapia, yaani tiba ya misuli na viungo kwa mikono na mazoezi, ambako nilitibiwa mara 8 katika wiki 6, kwa shilingi 30,000 kila mara. Kilichonipa imani ni kwamba mtaalamu hakunigusa kabla ya kuniuliza kama nina ganzi sehemu za siri au kati ya mapaja, kama nashindwa kuzuia mkojo, kama mguu unaishiwa nguvu, au kama nimepungua uzito bila sababu, kwa kuwa mwenye dalili hizo anapaswa kuonwa na daktari haraka na si kukandwa. Kisha aliniinua mguu mmoja mmoja ukiwa umenyooka, ili achunguze kama kuna mshipa wa fahamu unaosumbuliwa, na akanitaka nikae kama ninavyokaa kwenye cherehani.

Nilidhani atashughulikia kiuno peke yake, lakini alianzia kwenye misuli ya mbele ya nyonga, ambayo kwa mtu wa kazi yangu hushinda imekunjwa kutwa nzima, akaenda kwenye makalio, na mwisho akafika kwenye misuli inayopita kandokando ya uti wa mgongo. Hakusugua kwa pupa. Alibonyeza sehemu moja kwa kidole gumba, akatulia hapo kwa muda wa nusu dakika hivi hadi uchungu upungue, huku akiniuliza maumivu yamefika ngapi kati ya 10, na nikitaja zaidi ya 5 alilegeza mkono. Kwa misuli ya nyuma ya paja, nilisukuma mguu dhidi ya bega lake kwa sekunde chache, kisha nikaulegeza naye akauinua kidogo zaidi, na paja lililokuwa gumu kama ubao likaanza kuachia.

Nafuu ya mara ya kwanza ilidumu siku moja tu, jambo lililonivunja moyo. Mtaalamu alinieleza kuwa mikono haivunji fundo lolote ndani ya misuli, bali hutuliza mfumo wa fahamu ili misuli iache kujikaza, na kwamba nafuu hiyo ni nafasi ya kufanya mazoezi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unayataja mazoezi na ukandaji miongoni mwa tiba zinazofaa, lakini haushauri mkanda wa kiuno. Mimi nilikuwa nimeshaununua, nikauacha.

Kasoro niliyoiona ni kwamba mazoezi nilielekezwa kwa mdomo tu, nami nikayasahau nusu yake hadi nilipoomba niandikiwe. Sasa huinuka kitini kila baada ya nusu saa, na siku za kazi nyingi kiuno bado hukaza jioni, ingawa asubuhi huamka kimelegea.