Vigari vya Chuma vya Zamani: Kipi Ununue Kwanza Ukiwa Mtu wa Amu

Mtoto wa Amu wa enzi zangu alilijua gari kwa kiganja kabla hajalipanda. Mji wetu wa Lamu ni wa vichochoro na punda, na Land Rover ya Mkuu wa Wilaya ilikuwa kitu cha kukimbiliwa usita wa pwani kutazamwa. Gari langu la kwanza lilikuja ndani ya kikoi cha ami yangu, alipotoka Mombasa na jahazi: kigari cha chuma, kijani, urefu wa kidole, kizito kuliko kilivyoonekana. Nilikisukuma juu ya baraza yetu Mkomani, pale chokaa ilipolainishwa na miaka ya wazee kukaa, na kila kilipofika ukingoni nilikidaka kisitumbukie mtaroni. Siku moja sikukidaka.

Vigari hivi nimevirudia ukubwani, na sasa rafu yangu ina zaidi ya arubaini. Wenzangu wa rika hilo wakiviona hunyamaza kwanza, kisha huchukua kimoja na kukizungusha magurudumu kwa kidole gumba. Halafu huja swali: na mimi nianze na kipi? Jibu langu nalipanga hapa chini, cha kwanza hadi cha mwisho, kwa mnunuzi wa pwani hii. Wakusanyaji wa Uingereza watavipanga vingine, na wana haki, kwa kuwa wao hawapigwi na upepo wa chumvi mwaka mzima. Mimi naangalia mambo matatu: kinapatikana huku kwetu? Kitaishi na hewa yetu? Na mkono wako unakikumbuka? Hilo la tatu kwangu lina uzito kuliko mawili ya mwanzo.

Kwanza ujue unachokishika. Vigari hivi havikukunjwa bati kama vile tulivyojitengenezea kwa makopo ya samli na tairi za kandambili. Vilisubiwa: madini yaliyoyeyushwa yalisukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, kigari kikatoka na milango yake, taa zake, hata mistari ya boneti. Madini yenyewe huitwa zamak, jina lililoundwa kwa herufi za mwanzo za majina ya Kijerumani ya zinki, aluminiamu, magnesi na shaba. Zinki ndiyo nyingi. Likumbuke neno zinki, kwani shida zako zote za kuhifadhi zitatoka hapo.

1. Matchbox za Lesney

Nasema bila kusita: anza hapa. Kampuni ya Lesney ilianzishwa London mwaka 1947 na marafiki wawili, Leslie Smith na Rodney Smith, wasiokuwa na udugu ila wa jina, na "Lesney" ni Leslie na Rodney walioungwa. Fundi wao mkuu alikuwa Jack Odell. Husimuliwa kuwa shule ya binti yake iliruhusu watoto kuja na kitu cha kuchezea iwapo tu kinaenea ndani ya kisanduku cha kibiriti, basi Odell akamsubia mtambo mdogo wa kushindilia barabara. Mwaka 1953 Lesney waliuza zaidi ya nakala milioni moja za kigari kidogo cha farasi cha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na mwaka huohuo vigari vya Matchbox, yaani kisanduku cha kibiriti, vikaingia madukani. Orodha yao ilikwenda namba 1 hadi 75; gari jipya likitoka, la zamani huachia namba.

Namba 12 ndiyo yetu. Mwaka 1955 ilikuwa Land Rover, na mwaka 1965 ikatoka ile ya safari, yenye mizigo ya rangi ya kahawia juu ya paa, kwanza kijani kisha buluu. Nilipoiona picha yake ukubwani nilijua papo hapo kuwa ndiyo iliyotoka kwenye kikoi cha ami. Leo ninayo ya buluu. Ya kijani bado naitafuta.

Ukishika Matchbox, igeuze. Chini unataka kusoma "Made in England by Lesney". Lesney ilifilisika mwaka 1982, na zilizoandikwa Macau, Thailand au Uchina ni za baada yake. Ni vigari vizuri, lakini bei isiwe moja. Tazama na magurudumu. Mpaka 1969 yalikuwa yenye ekseli nene, na ya plastiki ya kijivu hutafutwa zaidi kuliko meusi yaliyofuata. Baada ya hapo yakaja ya Superfast, ya ekseli nyembamba, yenye kukimbia sana. Superfast huteleza vizuri mno, lakini ekseli yake ni waya tu, na kutu ya Amu ikiushika waya gurudumu huganda. Kwa hiyo kwetu nasema chukua magurudumu ya zamani.

Bei? Kilichochubuka, bila kisanduku chake, mimi sizidi bei ya sahani ya biriani mkahawani. Kisanduku cha karatasi cha asili kikiwepo, jiandae kulipa mara kadhaa, maana watoto walivitupa visanduku siku ileile ya kwanza, na hivyo ndivyo vilivyokuwa adimu.

2. Tomica za Japani

Wengine watashangaa kuiona hapa juu. Lakini hebu jiulize: baada ya Land Rover, ni gari gani la kwanza ulilolipanda ulipovuka kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara? Kwangu ilikuwa Datsun, na baada yake Toyota, na Toyota tena. Kampuni ya Tomy ilianza Tomica mwaka 1970 kwa magari sita, yote ya Kijapani, na namba 1 ilikuwa Datsun Bluebird SSS. Mwaka huohuo aina hiyohiyo ya Bluebird, iliyoitwa 1600 SSS huku kwetu, ikashinda mashindano ya magari ya Safari Rally ikiendeshwa na Edgar Herrmann. Wazee waliokuwa wakiifuata Safari kwenye redio hawahitaji nieleze zaidi.

Tomica ina springi. Ibonyeze kwa kidole, itazama na kurudi, kama gari linalopita kwenye shimo. Chini imeandikwa kipimo chake, yaani imepunguzwa mara ngapi kuliko gari la kweli, kila gari na chake. Za thamani zimeandikwa "Made in Japan". Baadaye kazi ilihamia Uchina na Vietnam. Milango hufunguka, na hapo ndipo pa kukagua: mlango uliolegea haukazwi tena.

3. Corgi

Corgi zilitoka Swansea, Wales, mwaka 1956, zikiwa na madirisha ya plastiki angavu wakati Dinky za wakati huo (namba 5 hapa chini) zilikuwa na matundu matupu. Ni kubwa kuliko Matchbox na zina ufundi mwingi. Kwa Mwafrika Mashariki kuna moja ya kutolea macho: Volkswagen nyekundu ya namba 256, ya katikati ya miaka ya 1960, iliyovalishwa mavazi ya East African Safari na kuuzwa pamoja na kifaru mdogo. Gari bila kifaru hupatikana. Gari na kifaru wake ni habari nyingine, na muuzaji anayelijua hilo hatakuonea huruma. Nimeiweka Corgi ya tatu kwa sababu ya bei tu, na kwa kuwa kadiri sehemu zinazofunguka zinavyozidi, ndivyo pa kuingilia chumvi panavyozidi.

4. Majorette

Ya Mfaransa, kutoka upande wa Lyon, iliyoasisiwa na Emile Véron mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ina springi kama Tomica, ni imara, bei yake nyepesi, na kwenye mitumba ndiyo ninayoikuta zaidi. Tafuta "Made in France". Kama una mtoto anayetaka kukusanya pamoja nawe, mnunulie Majorette mpya ya Thailand acheze nayo apendavyo; hizi kuukuu mpe kuzitazama tu, kwa sababu rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, nayo ni sumu kwa watoto wadogo wanaotia kila kitu mdomoni.

5. Dinky

Hii ndiyo mama wa zote. Frank Hornby wa Liverpool alizipa jina hilo mwaka 1934, na kiwanda kikafungwa 1979. Zina heshima yake, na Peugeot 404 iliyosubiwa na Dinky ya Ufaransa ni nzuri ya kuumiza moyo, hasa ukikumbuka kuwa 404 ilishinda Safari mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo, 1966 hadi 1968.

Mbona basi nimeishusha? Kuna ugonjwa. Zinki ya miaka ya kabla ya Vita vya Pili mara nyingi ilichanganyika na chembe za risasi, na zinki iliyochanganyika hivyo huoza kutoka ndani. Gari huvimba, hupasuka nyufa kama udongo wa ziwa lililokauka, mwishowe hubomoka mkononi. Haina dawa. Joto na unyevu huuharakisha, na sisi tunavyo vyote viwili. Niliwahi kuletewa Dinky ya zamani sana kwa bei iliyonifurahisha. Masika mawili baadaye paa lilikuwa vipande vitatu. Ukiipenda Dinky, nunua za baada ya vita, na hata hizo zimulike kwa tochi, uzitazame pembe na nguzo za madirisha, mahali madini yalipo membamba.

6. Hot Wheels

Mattel wa Marekani walizitoa mwaka 1968, na zile za mpaka 1977 zenye mstari mwekundu kwenye tairi huuzwa ghali sana ughaibuni. Mkono wangu hauzikumbuki, hazikutufikia. Kama zilikufikia wewe, zipandishe juu upendavyo.

Nje ya orodha naitaja Bburago ya Italia, kwa ajili ya watu wa Malindi. Ni kubwa, hazienei kiganjani, lakini mji wenye Waitaliano wengi hivyo hukosi mtu anayehama na kuuza vitu vya nyumbani. Tafuta zilizoandikwa "Made in Italy". Kiwanda cha huko kilifungwa 2005.

Mahali pa kununua, mimi huanza nyumbani: makabati ya wazee, makasha, chini ya vitanda. Uliza kwa adabu, na ukipewa kitu cha thamani mwambie mwenyewe thamani yake kabla hujalipa. Mji huu ni mdogo na haki ya jirani ni kubwa. Baada ya hapo ni mitumba ya vitu vya kuchezea, hasa Kongowea, Mombasa, ambako vigari humwagwa chini kwa rundo. Kuagiza kutoka Ulaya kwenye intaneti huwezekana, lakini piga hesabu ya posta na ushuru kwanza. Mara nyingi huzidi bei ya kigari chenyewe.

Nenda na sumaku ndogo mfukoni. Bodi ya zinki haivutwi na sumaku, ila ekseli huvutwa. Bodi ikinasa, umeuziwa bati. Kisha tazama ribiti za chini, zile pini za kupondwa zinazoshika bodi. Zikiwa zimetobolewa katikati, gari lilifunguliwa, na huenda limepakwa rangi upya. Rangi ya miaka sitini isiyo na hata chubuko kwenye pembe ni ya kuulizwa maswali. Kupaka upya si dhambi. Kuficha ndiyo dhambi.

Sasa kuhifadhi, na hapa nawaomba sana. Nyumba zetu zina zidaka, na kila mtu hutamani kuvipanga humo, mahali bibi zetu walipoweka sahani za Kichina. Usifanye hivyo. Ukuta wa matumbawe na chokaa huvuta unyevu na chumvi, na zinki ikilala juu ya chokaa yenye unyevu hutoka unga mweupe. Kwanza weka sanduku la kioo lenye kufunga, ndani yake ubao, pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Kisha sanduku lenyewe liingie kidakani. Na usisafishe kwa ndimu wala ukwaju. Najua shaba zetu zote tunazing'arisha hivyo, lakini asidi huila zinki. Brashi laini, maji ya uvuguvugu, tone la sabuni, kisha ukaushe hadi ndani ya magurudumu, na tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ekseli.

Mimi hufanya kazi hiyo mwanzo wa kusi, kabla masika hayajakolea. Nafungua sanduku, nabadilisha vipakiti, nafuta kimoja baada ya kingine. Land Rover ya buluu naiacha ya mwisho. Naitoa nje barazani, naisukuma mara moja juu ya chokaa, na mkono wa pili unakaa tayari ukingoni.