Runx Z ya milioni 11: kadi inasema 2ZZ, injini inasemaje?

Mambo vipi wadau, karibuni. Hizo nyundo mnazozisikia ni za jirani, ananyoosha bodi ya Hiace. Tuko Sinza kwenye gereji ya rafiki yangu, mtatuvumilia. Mgeni wa leo ni huyu hapa: Toyota Corolla Runx Z ya 2002, rangi ya fedha, namba D, gia sita za mkono. Dalali ameileta asubuhi, anataka milioni 11, na kabla sijashika hata mlango ameshaniambia mara tatu, "Kaka, hii injini ni yake, haijawahi kuguswa." Mtu akikuapia kitu ambacho hujamuuliza, wewe anza na hicho hicho.

Kwa wasioijua, Runx ilianza kuuzwa Japani Januari 2001 ikaisha 2006, na pacha wake ni Allex. Nyingi mnazopishana nazo hapa mjini zina injini ya 1NZ, cc 1500, nguvu za farasi kama 110, gari la kwenda kazini na kurudi. Kuna zenye 1ZZ, cc 1800, farasi 130 hivi. Halafu ndiyo kuna Z. Hiyo kiwandani ilifungwa 2ZZ-GE, nayo ni cc 1800 vilevile, ila inatoa farasi 190 bila tabo, na kichwa chake Toyota walikiunda pamoja na Yamaha. Ndiyo injini iliyokuwa kwenye Celica SS-II, na Waingereza wa Lotus wakaichukua wakaifunga kwenye Elise. Sasa kitu hicho kiko ndani ya gari ambalo mama mkwe akiliona atajua ni la kubebea nyanya za sokoni. Raha yake iko hapo.

Kwa nini basi Z nyingi hubadilishwa injini? Hapa nitakaa kidogo, maana ukielewa hili mengine yote yanakuwa mepesi. Chukua 1ZZ. Bloku yake ni ya alumini, lakini ndani ya silinda kuna slivu ya chuma, yaani bomba ambalo pistoni inapita ndani yake. Silinda ikiliwa, unaipeleka kwa mchongaji, anachonga, unaweka pistoni na ringi za saizi ya juu, maisha yanaendelea. 2ZZ haina slivu ya chuma. Kuta za silinda zake ni alumini iliyotiwa nyuzi ngumu za kuiimarisha, huwezi kuipeleka kwenye mashine ya kawaida ukamwambia mtu aongeze saizi. Ikichubuka, imechubuka. Ongeza na boli za roka, zile zinazoshikilia mikono ya kusukuma valvu, ambazo kwenye 2ZZ za miaka ya mwanzo zilikuwa na ugonjwa wa kukatika. Ongeza na kijana anayetoka gia ya tatu kwenda ya nne, mkono unateleza anaingia ya pili, raundi zinapaa mpaka pampu ya oili inapasuka.

Mwenye gari anabaki na bodi nzuri ya Z na maiti chini ya boneti. Anakwenda Ilala, anashuka Gerezani, anauliza 2ZZ ya mtumba, anazungushwa wiki nzima. Wakati huohuo 1ZZ zimepangwa chini kama viazi, maana ilifungwa kwenye Wish, Opa, Allion, Premio, Caldina, kila mahali. Na hiyo 1ZZ inakubali gia boksi ile ile bila ugomvi. Wewe ungefanyaje? Mimi simlaumu aliyebadilisha. Namlaumu anayeniambia haijawahi kuguswa.

Na nina uchungu wangu. Miaka ya nyuma nilinunua Altezza nikaambiwa ni RS200, ile ya silinda nne yenye kelele tamu. Siku ya sevisi nikaenda na plagi nne mkononi. Fundi akafungua juu, akaniangalia, akasema, "Bosi, ongeza mbili." Ilikuwa silinda sita, 1G, na kibao cha bodi kilikuwa kimeandikwa GXE10 siku zote hizo, macho yangu yakiwa kwenye rimu. Basi tangu siku ile naanza na bodi.

Dogo, sogeza kamera huku. Hiki ndicho kibao, kwenye ukuta wa nyuma ya injini. Soma mstari wa MODEL: katikati kuna ZZE123. Hiyo ndiyo bodi ya Z. Ungekuta ZZE122, bodi hiyo ilizaliwa na 1ZZ. NZE121, ilizaliwa na 1NZ, na hizo beji za Z na spoila mtu amenunua dukani. Chini kabisa, TRANS/AXLE, inaanza na C60, ndiyo gia boksi ya gia sita. Sasa usiridhike haraka, kibao kimeshikwa na riveti mbili tu. Namba ya FRAME iliyoko hapa lazima ifanane na ile iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Hii inafanana, nimeisoma kwa kidole kabisa. Breki za nyuma nazo ni diski. Kwa hiyo bodi ni Z halali, hapo dalali hajadanganya.

Tuje kwenye kadi. Hii kadi ya TRA inasoma namba ya injini inayoanza na 2ZZ, kisha tarakimu saba. Ukiwa na bahati ya kupewa na cheti cha Japani cha kusafirishia gari, kisome pia, ila ujue Wajapani pale wanaandika aina ya injini, namba yenyewe hawaandiki. Kwa hiyo mtu anaweza kukuonyesha cheti kimeandikwa 2ZZ ukaona umemaliza kazi. Kile kinakueleza gari lilivyotoka Japani. Yaliyotokea Dar hakiyajui.

Haya, juu ya injini. Hii plastiki nyeusi imeandikwa VVTL-i. Ile L ni muhimu, kwenye 1ZZ imeandikwa VVT-i basi. L maana yake kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, ina nundu za aina mbili, ndogo za mwendo wa kawaida na kubwa za raundi za juu, na injini inahama kutoka hizi kwenda zile ikifika raundi 6,000 na kidogo. Dalali ananionyesha hiyo L kwa kidole, amefurahi. Lakini hebu tazameni kona hii ya kulia. Mnaona? Kava limefungwa na waya. Waya ule wa kufungia nondo! Kiwandani kava linakaa kwenye boli zake, huku limelazwa tu juu ya kitu kisicho chake, upande mmoja umeinuka, mwingine umebanwa na waya umezungushwa mara mbili.

Nalitoa. Angalieni manifodi ya kuingizia hewa, hii hapa mbele. Nikiigonga kwa ukucha, tok tok, plastiki. Ya 2ZZ ni alumini ya kuyeyushwa, ukiigonga inakuumiza wewe. Sasa zunguka upande wa gia boksi, mwisho wa kichwa cha injini. Kwenye 2ZZ hapo panakaa valvu ya pili ya oili, yenye soketi yake, ndiyo inayosukuma ile L ifanye kazi. Moja ni ya VVT, ya kupanga muda wa valvu kufunguka, nyingine ni ya kuhamisha nundu, jumla mbili. Hapa nahesabu moja. Nimehesabu tena. Moja.

Namba ya injini yenyewe imegongwa kwenye bloku, karibu na pale injini inapoungana na gia boksi. Ilikuwa imefunikwa na oili na vumbi, gamba kabisa. Nimelowanisha kitambaa kwa petroli, nimesugua taratibu, tochi ya simu nimeilaza kando ili herufi zitupe kivuli. Na hii ni siri ya bure: ukimulika moja kwa moja huoni kitu, ukimulika kwa ubavu hata mkwaruzo wa grainda unajitokeza. Haina mkwaruzo, haijachezewa. Inasoma moja, Z, Z. 1ZZ. Aliyebadilisha hakuhangaika hata kuificha, ametegemea uchafu.

Mtaniuliza mashine ya kupimia ingesema nini. Nimeichomeka, haina kosa hata moja. Nikafungua swichi bila kupiga stati, taa ya injini ikawaka inavyotakiwa, maana yake hakuna aliyeing'oa balbu. Waliofunga hii wamebadilisha na kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, kazi safi. Wangeiacha ya zamani ingeitafuta ile valvu ya pili ikaikosa, ukapata kosa kama P1690. Kwa hiyo fundi akikwambia "nimepima, gari liko fiti", muulize alipima nini.

Barabarani niliipeleka leo Jumapili asubuhi, Sam Nujoma ikiwa bado imelala. Huhitaji mwendo wa kijinga. Kwa gia ya kwanza, raundi 6,200 uko kama kilomita 50 kwa saa tu. Injini ikiwa imepata moto vizuri, 2ZZ ikifika hapo inabadilisha sauti kabisa, kama kuna mtu kafungua dirisha, halafu inavuta upya kuelekea 8,000. Hii yangu ilipanda, ikachoka, na kabla ya 7,000 ikajikata. Wakati huo mshale uko mbali na wekundu wa mita, maana dashibodi bado ni ya Z. Dashibodi inakuahidi, injini inakataa.

Moshi nao niliuangalia. 1ZZ za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kunywa oili, matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa madogo, Toyota wakaja kuyarekebisha baadaye. Iache iungurume bila kukanyaga mafuta dakika kumi kama uko kwenye foleni ya Ubungo, halafu ikanyage ghafla ukiangalia kioo cha nyuma. Ukiona bluu, ongeza bei ya ringi kwenye hesabu yako. Hii imetoa safi, nikafurahi.

Kwa hiyo je, ni gari baya? Hapana, na nasema hivyo kwa moyo mweupe. Bodi haina kutu, gia zinaingia vizuri, na 1ZZ yenye gia sita ni starehe ya aina yake, spea zake kila kona. Ila milioni 11 ni bei ya Z kamili. Na kuna kadi: injini ikibadilishwa inabidi kadi nayo irekebishwe TRA, la sivyo siku ya ukaguzi au siku unayotaka kuuza, namba ya kwenye bloku na ya kwenye karatasi zitagombana na wewe ndiye utakayeulizwa. Nimemwambia dalali milioni 8 na nusu, na mwenye gari arekebishe kadi kwanza kabla sijatoa shilingi.

Akanijibu, "Kaka, kwani hiyo L inakusaidia nini kwenye foleni ya Mwenge?" Nikacheka, maana hapo ana hoja. Akampigia mwenye gari, akaweka spika. Yule mzee akasikiliza yote, akakaa kimya, kisha akasema, "Mwambie kijana mimi niliuziwa hivyohivyo." Inawezekana kabisa. Nimemwambia, "Shikamoo mzee, bei yangu ni ileile," akasema atafikiria.

Na dalali yule pale, mnamwona? Ameokota ule waya, analifunga kava upya.