Kadi ya Geuka Kulia: Uzoefu wangu na darasa la Jumamosi la watoto hapa Dodoma

Kadi yenyewe ni kipande cha boksi chenye ukubwa wa kiganja, kimechorwa mshale unaopinda kwa kalamu ya kijani. Binti yangu aliichora nyumbani usiku wa Ijumaa, akaupaka mshale rangi mara mbili ili uonekane kwa mbali, na kesho yake mwalimu aliiokota mbele ya watoto wote, akaikunja na kuitia mfukoni.

Nieleze vizuri, maana nimekaa na jambo hili kwa majuma kadhaa nikitarajia hasira ipoe, na haijapoa. Katika likizo ya katikati ya mwaka nilimwandikisha binti yangu, ambaye ana miaka sita, kwenye darasa moja la maeneo ya Kisasa linalowafundisha watoto wadogo misingi ya kuandika programu za kompyuta bila kugusa kompyuta wala simu. Kazi yote hufanywa kwa hadithi, kadi, chaki na miili ya watoto wenyewe. Jina la darasa silitaji, kwa sababu ninachotaka ni warekebishe, si wafunge. Nilivutwa na hilo la kutotumia skrini. Nyumbani nina mwingine wa miaka mitatu ambaye hufuata kila anachofanya dada yake, na Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asikae mbele ya skrini zaidi ya saa 1 kwa siku. Mimi na simu yangu tulikuwa tumeshavuka mpaka huo muda mrefu. Kwa hiyo nililipa kwa moyo mweupe.

Siku hiyo nilikuwa nimewahi kumchukua, nikasimama mlangoni. Sakafuni palichorwa miraba ya chaki, sita kwa sita. Katika mraba mmoja liliwekwa beseni la bluu, ndilo kisima. Katika mwingine alichutama mtoto aliyekuwa fisi. Na pembeni alisimama mvulana aliyekuwa roboti wa sungura, ambaye kazi yake ilikuwa kutii kadi kama zilivyopangwa, moja baada ya nyingine, bila kuongeza wala kupunguza. Binti yangu alikuwa amepanga kadi tisa na kuziwekea vijiwe juu, kwa kuwa upepo wa Dodoma wa miezi ile haukiachi kitu chepesi mahali pake hata ndani ya ukumbi. Roboti akaenda mbele, akaenda mbele tena, akageuka, akaenda mbele, kisha kwenye kadi ya tano akageuka kulia na kuingia moja kwa moja kwa fisi. Watoto wakacheka.

Niliutazama uso wa mwanangu. Hakuwa amehuzunika hata kidogo. Alikuwa amekunja kipaji, anatazama kadi, anamtazama roboti, anarudi kwenye kadi, na kidole chake kilikuwa kimeanza kuzihesabu upya kutoka mwanzo. Hicho ndicho nilichomlipia akajifunze. Mtoto anayerudi mwanzo na kukagua hatua moja moja ili aone wapi mambo yaliharibika anafanya kazi ileile anayoifanya mtaalamu wa programu kwa sehemu kubwa ya siku yake. Alikuwa amebakiza kadi mbili tu kabla hajaifikia yenye kosa.

Mwalimu hakumsubiri. Alisema, "Uko darasa la kwanza na bado hujui kulia na kushoto?" Akaichukua ile kadi ya kijani, akaweka ya kwake ya kushoto, akamwambia mwanangu akakae nyuma awaangalie wenzake wanaoelewa. Sungura akafika kisimani, watoto wakapigishwa makofi, na mimi nikabaki namtazama binti yangu ambaye kidole chake kilikuwa bado kimenyooka.

Mwanangu anajua kulia na kushoto. Alichokuwa hajakigundua ni kwamba alikuwa ameketi akitazamana na roboti, na ukitazamana na mtu, kulia kwako ni kushoto kwake. Kosa hilo ni maarufu mno katika fani hii kiasi kwamba lina dawa yake inayojulikana. Lugha ya kuandikia programu iitwayo Logo, iliyotungwa nchini Marekani mwaka 1967 na Seymour Papert pamoja na wenzake kwa ajili ya watoto, ilikuja kuwa na roboti mdogo wa sakafuni aliyeitwa kobe, na mtoto aliyekwama aliambiwa ajifanye kobe, asimame alipo kobe na atembee yeye mwenyewe. Dakika moja tu ingetosha. "Njoo usimame hapa alipo roboti. Sasa unataka kugeukia wapi?" Basi. Angeona mwenyewe, na asingesahau maisha yake yote.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba darasa hilohilo lilianza vizuri kuliko nilivyotarajia. Majuma ya mwanzo alikuwapo mwalimu mwingine, kijana mpole wa sauti ya chini, na siku ya kwanza aliwaambia watoto wampe maelekezo ya kupika chai. Walipomwambia "weka majani," aliweka pakiti nzima, haijafunguliwa, ndani ya sufuria. Walipomwambia "weka sukari," aliweka mfuko wa kilo nzima juu yake. Watoto walipiga kelele hadi wakasimama. Jioni ile binti yangu alinisimulia kwa ukali kabisa kwamba kompyuta haijui unachotaka, inajua ulichosema tu. Mimi nafanya kazi ofisini Mtumba, nashinda na kompyuta kutwa, na sijawahi kulisema jambo hilo kwa usafi namna ile.

Juma lililofuata alirudi na kadi tano zenye nukta 1, 2, 4, 8 na 16, akatuonyesha kwamba kwa kuzifunua na kuzifunika unapata namba yoyote hadi 31, yaani tarehe zote za mwezi kwa kadi tano. Zoezi hilo najua linatoka kwa kina Tim Bell wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakibuni mafunzo ya kompyuta yasiyohitaji kompyuta. Bibi yake binti yangu, aliyekuwa amekuja kutoka Mpwapwa, aliomba aonyeshwe tarehe yake ya kuzaliwa mara tatu.

Halafu kukawa na hadithi ya nondo. Yule kijana aliwasimulia, kwa paukwa pakawa na kila kitu, jinsi mwaka 1947 mafundi wa kompyuta ya Mark II pale Chuo Kikuu cha Harvard walivyokuta mashine inakosea, wakatafuta, wakamkuta nondo amenasa ndani ya swichi. Hawakumtupa. Walimbandika kwa utepe kwenye daftari la kumbukumbu za kazi na kuandika kando yake kwamba mdudu amepatikana, na ukurasa ule umehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya Smithsonian. Binti yangu aliipenda sana hadithi hiyo, tangu siku ile kila kitu kikikwama nyumbani, iwe bomba au zipu, alikuwa anasema, "Mama, tumtafute mdudu."

Ndipo nauliza: darasa linalowasimulia watoto kwamba kosa hubandikwa kwenye daftari na kutunzwa, linawezaje siku chache baadaye kulikunja kosa la mtoto na kulitia mfukoni?

Nilimsubiri msimamizi mpaka watoto wakaondoka. Nilimsalimu kwa adabu, nikamweleza nilichokiona, tena nilianza kwa kumshukuru kwa majuma ya mwanzo. Alinijibu, "Mama, Jumamosi ijayo wazazi wanakuja kuona watoto walivyoiva. Hatuwezi kuwaonyesha sungura anayeliwa na fisi." Nikamwambia kwamba mimi ni mmoja wa wazazi hao, na ninataka kumwona sungura akiliwa na fisi kisha mwanangu akisahihisha. Hapo akasema, "Kama mama unajua sana, si umfundishe nyumbani?" akaichukua simu yake na kuanza kuitazama. Nilisimama pale kwa muda kidogo. Hakuinua uso tena.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaambia wazazi wenzangu wa Dodoma wasiwapeleke watoto kule. Sasa nikikumbuka ile chai na yule nondo, siwezi kuandika hivyo nikaridhika. Njia yenyewe ni nzuri, na mtoto wa miaka mitano hadi minane anaielewa vizuri akiwa sakafuni na chaki kuliko akiwa na kishikwambi mapajani. Kama mwanao atapangiwa yule kijana, mpeleke hata kesho. Kama ni wa yule mwingine, keti mlangoni.

Kwa kweli nimemfundisha nyumbani kama nilivyoambiwa, au tuseme bibi yake ndiye aliyemfundisha bila kujua. Walikuwa uani wanacheza mdako. Bibi alirusha jiwe juu, akazoa vijiwe kutoka shimoni, akalidaka. Akalirusha tena, akavirudisha vyote na kuacha kimoja nje. Na hivyo hivyo hadi shimo likabaki tupu, kisha akaanza mzunguko wa viwili viwili. Binti yangu alimtazama kwa makini, halafu akaruka: "Bibi, hii ni kadi ya rudia! Unarudia mpaka shimo liishe!" Bibi akamjibu kwamba ndiyo, na ukikosa kudaka unampisha mwenzako, zamu yako ikirudi unaendelea pale ulipoishia.

Lakini baadaye tulichora miraba kwa mkaa kwenye saruji ya barazani, nikampa kadi apange njia ya kufika kwenye ndoo. Alishika ya kwanza akaniuliza, "Mama, hii ni sahihi?" Nikamwambia jaribu tuone. Akaishika ya pili, hakuiweka chini. "Na hii, mama, ni sahihi?" Aliniuliza kwa kila kadi, kadi zote saba. Mtoto huyu kabla ya Jumamosi ile hakuwa ananiuliza. Alikuwa anapanga, anakosea, anacheka, anamtafuta mdudu. Hapa ndipo huruma yote niliyokuwa nayo kwa darasa lile inaponiishia, na naomba ile sentensi ya "mpeleke hata kesho" isomwe kwa tahadhari kubwa, maana mzazi huchagui atakayesimama mbele ya mwanao siku hiyo.

Bado nina Jumamosi tatu nilizolipia. Fedha sizidai. Ninaomba ile kadi ya kijani, hata kama imekunjwa, kwa sababu binti yangu ameniuliza mara mbili kama mwalimu atairudisha, na daftari la kuibandika tumeshanunua.