Miezi minne na Docker: uzoefu wangu wa kujifunza makontena na wingu nikiwa Mwanza

Nilianza kujifunza Docker, zana ya kufunga programu pamoja na vyote inavyohitaji ili iwake vilevile kwenye kompyuta yoyote, kwa sababu ya swali moja nililochoka kulisikia ofisini: "Kaka, mbona kwangu inafanya kazi?" Tuko wawili, mimi na kijana mmoja, tunatengeneza mfumo wa mauzo na stoo kwa maduka ya dawa hapa Mwanza. Kwenye laptopu yangu kulikuwa na Node (programu inayoendesha msimbo wa JavaScript) toleo la 18, kwake la 16, na kwenye seva tuliyokodi kulikuwa na la 14 lililowekwa na mtu aliyetutangulia. Kila tulipopeleka marekebisho, kilichokubali kwangu kiligoma kwenye seva, na mwenye duka anapiga simu huku foleni ya wagonjwa imefika mlangoni. Mtu amekuja na cheti cha daktari mkononi, halafu anaambiwa asubiri mfumo. Hilo lilikuwa linaniuma kweli.

Nilitumia mwongozo rasmi wa Docker wa wanaoanza. Ni wa bure, uko kwa Kiingereza chepesi, na kilichonivutia ni kwamba haukuchoshi na nadharia. Unakupa programu ndogo ya orodha ya kazi za kufanya, unakuambia uifunge kwenye imeji na uiwashe. Imeji ni kifurushi: msimbo wako, Node ya toleo ulilolitaja, na maktaba zake zote humo humo. Kontena ni imeji hiyo ikiwa imewashwa. Ukiipeleka imeji kwenye seva, hakuna tena kuuliza kule kuna toleo gani.

Somo lililonikaa zaidi ni la data. Nilijaza kazi tatu kwenye ile orodha, nikalifuta kontena, nikawasha jingine kutoka imeji ileile. Orodha tupu. Nilikaa nikiitazama ile skrini nikifikiria mauzo ya siku nzima ya duka la dawa. Mwongozo unakupitisha hapo kwa makusudi, kisha unakufundisha voliumu, yaani sehemu ya kuhifadhi data nje ya kontena ili kontena likifa data ibaki. Ningeweza kusoma maelezo hayo mara kumi nisiyaelewe kama nilivyoyaelewa kwa kuona orodha ile imepotea.

Docker ilionyeshwa hadharani mara ya kwanza Machi 2013, kwenye PyCon, mkutano wa watumiaji wa lugha ya Python huko Marekani, lakini uwezo inaoutumia ulikuwemo tayari ndani ya mfumo wa uendeshaji wa Linux. Kontena halibebi mfumo mzima wa uendeshaji. Linatumia kiini cha Linux (sehemu ya ndani inayoendesha mashine) kilichopo tayari kwenye mashine. Ndiyo maana laptopu yangu ya GB 8, iliyokuwa ikihema kwa mashine pepe moja (kompyuta ya kuigiza yenye mfumo wake mzima), sasa inawasha programu, hifadhidata na kihudumu cha foleni (kinachopanga kazi zinazosubiri) kwa pamoja. Natumia Linux moja kwa moja, na injini yenyewe ya Docker ni huria. Ile yenye vitufe vya kubofya, Docker Desktop, ni bure kwa mtu binafsi na kampuni ndogo; kampuni yenye wafanyakazi 250 au zaidi, au mapato ya zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka, inatakiwa kulipia.

Sasa niseme la bando, maana kwetu huwezi kusifia zana ya wingu (seva za kukodi kupitia intaneti) bila kusema inakula kiasi gani. Imeji kamili ya Node ikishafunguka inazidi GB 1. Ile iliyojengwa juu ya Alpine, aina ndogo sana ya Linux, haifiki MB 200. Siku ya kwanza sikujua tofauti, bando la wiki likaisha mchana. Nikahamia Alpine, na hapo nikajifunza jingine: Alpine inatumia maktaba ya msingi tofauti na Linux nyingi, na kifurushi chetu cha kuchapa risiti kikakataa kujengwa. Mwishowe nilitulia kwenye toleo linaloitwa slim, ambalo ni kubwa kidogo kuliko Alpine lakini halileti ugomvi. Kwa anayeanza nashauri aanze na hilo hilo.

Kilichookoa bando zaidi ni mpangilio wa mistari kwenye Dockerfile, faili la maelekezo ya kujenga imeji. Karibu kila mstari unatengeneza tabaka, na Docker inayatunza matabaka iliyokwisha kuyajenga. Ila ukibadilisha kitu kwenye tabaka moja, yote yanayolifuata yanajengwa upya. Mimi nilikuwa nanakili folda nzima ya mradi kwanza, ndipo nasakinisha maktaba. Matokeo yake, nikirekebisha neno moja kwenye risiti, maktaba zote zinapakuliwa tena kutoka intaneti. Nikageuza: kwanza nakili package.json na package-lock.json (orodha za maktaba) peke yake, kisha sakinisha kwa amri ya npm ci, mwisho nakili msimbo uliobaki. Kujenga imeji kukashuka kutoka karibu dakika tano hadi sekunde chache, na maktaba hazipakuliwi tena mpaka nizibadilishe. Mistari mitatu tu, nimebadilisha nafasi zake.

Matabaka hayo yana hatari yake pia. Ukinakili faili la .env lenye nywila ndani ya imeji, kisha ukalifuta kwenye mstari unaofuata, halijatoka. Limebaki kwenye tabaka la chini, na yeyote atakayeivuta imeji hiyo anaweza kulichimbua. Nililigundua kwetu mwezi wa pili. Nilibadilisha nywila zote usiku ule ule, nikaweka faili la .dockerignore linaloiambia Docker visivyotakiwa kunakiliwa, na tangu hapo siri zinaingia wakati kontena linawashwa, si wakati imeji inajengwa. Tafadhali, kagua imeji zako leo kabla hujalala.

Baada ya Docker nikaingia kwenye wingu, na huko nililipa ada ya kweli. Nilifungua akaunti kwa mtoa huduma mmoja mkubwa nikiamini niko ndani ya kiwango cha bure. Nikajaribu mashine pepe na hifadhidata, nikaifuta mashine, nikaendelea na mengine. Mwisho wa mwezi kadi yangu ilikatwa dola 63. Hifadhidata ilikuwa bado inawaka. Diski ya ile mashine niliyoifuta ilikuwa bado ipo. Anwani ya IP niliyoihifadhi nayo ilikuwa inahesabiwa kila saa. Kwenye huduma nyingi za wingu kufuta mashine si lazima kufute vilivyofungamana nayo, na mimi sikulijua hilo. Leo kitu cha kwanza ninachoweka kwenye akaunti mpya, kabla sijawasha chochote, ni tahadhari ya bajeti. Yangu inanitumia barua pepe ikifika dola 5 na tena ikifika dola 10. Mafunzo mengi niliyoyapitia yanaiweka mada hii mwishoni kabisa. Ingekaa ukurasa wa kwanza, hasa kwa mwanafunzi anayetumia kadi ya mzazi.

Kuhusu mahali pa kuweka seva: AWS, huduma ya wingu ya Amazon, ina kituo Cape Town tangu 2020, na Google Cloud ilifungua Johannesburg 2024. Ni karibu kuliko Ulaya, ila bado data inasafiri mbali. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilisuasua Tanzania na Kenya, na seva ya mbali haikumsaidia mtu aliyesimama kaunta. Hapa ndipo kontena lilipolipa gharama ya miezi yangu yote. Imeji ileile inayokaa kwenye wingu tumeiweka pia kwenye kompyuta ndogo ndani ya kila duka. Mtandao ukikatika, duka linauza. Ukirudi, mauzo yanapanda wingu. Tusingeweza kutunza hayo kwa mikono ya watu wawili bila imeji moja inayowaka vilevile kila mahali.

Wengi watakwambia ukimaliza Docker uruke kwenye Kubernetes, zana ya kusimamia makontena. Jina lake ni la Kigiriki, maana yake mshika usukani, na Google iliitangaza 2014. Niliisoma wiki mbili nikaiheshimu, kisha nikaiacha. Inafaa mwenye makontena mengi kwenye mashine nyingi. Sisi tuna maduka tisa. Faili moja la Compose, linalotaja makontena ya kuwashwa pamoja, lenye mistari isiyofika hamsini linatutosha, na kijana wetu analielewa lote. Mwezi uliopita alibadilisha laptopu. Akavuta mradi, akaandika docker compose up, akaniita: "Kaka, imewaka." Zamani kazi hiyo ilitula siku mbili.

Bado kuna jambo moja ambalo hakuna zana iliyonifanyia, nalo ni kuhakikisha nakala ya data inarudi. Voliumu ni mahali pa kuhifadhia tu. Diski ikifa, voliumu inakwenda nayo. Kwa hiyo kila Jumamosi jioni nachukua nakala ya wiki, nawasha hifadhidata tupu kwenye kontena jipya, nairejesha humo, kisha nampigia dada wa duka moja anisomee idadi ya boksi za dawa mseto kwenye rafu. Jumamosi iliyopita ilichukua dakika sita, na hesabu yake na yangu zikalingana.