Tahadhari: seti ya breki inayouzwa kwa simu na kuletwa Pemba kwa boti

Assalaamu alaykum. Wenye gari, hasa nyinyi mnaofunga spea wenyewe nyumbani, naomba mulisome hili na mulipeleke kwenye makundi yenu ya Chake, Wete, Mkoani na Konde.

Kuna mtu anauza seti nzima ya breki za mbele: diski mbili, pedi nne na chupa ya mafuta ya breki. Anatangaza kwenye WhatsApp na Facebook, picha safi, maboksi yana chapa kubwa ya Kijapani, na anasema ni mzigo orijino wa Kariakoo. Bei ni elfu tisini na tano mpaka bandarini, chini ya nusu ya utakayotajiwa ukiingia duka la spea. Anataka pesa yote mwanzo, kwa simu. Kisha anaupakia mzigo kwenye boti pale bandari ya Malindi, Unguja, na wewe unaupokea Mkoani au Wete. Na mzigo kweli unafika. Ndiyo maana watu wanamsifu kwenye makundi: wamezoea tapeli anayekula pesa akazima simu, huyu hazimi. Ubaya wake umo ndani ya boksi.

Jina la duka na namba sizitaji hapa, zimeshafikishwa polisi, na majina yenyewe anabadilisha. Shemeji yangu alinunua kwa jina moja, jirani yake akanunua kwa jina jengine, na mwandiko kwenye maboksi yote mawili ni wa mtu mmoja. Kwa hiyo musitafute jina, tafuteni dalili.

Shemeji alifunga breki zake mwenyewe, na ni mtu wa mikono mizuri. Alisafisha kalipa (kile chombo kinachobana pedi kwenye diski), akatoa upepo kwenye mafuta ya breki ya magurudumu yote, akakanyaga pedali mpaka ikawa ngumu kabla hajatoa gari uwani. Akazunguka nayo mjini Chake, breki zikashika vizuri. Hapa ndipo nawaomba mupasikilize: vitu hivi vinashika siku ya kwanza. Ukitembea mjini, taratibu, gari tupu, huwezi kujua. Siku aliyopakia magunia ya karafuu kuelekea Mkoani ndipo mambo yalipofichuka. Njia ile mnaijua, milima na kona, unashuka hapa unapanda pale, mguu hautoki kwenye breki. Kwanza akasikia harufu kali ya kuungua. Kisha pedali ikalainika. Mteremko uliofuata ikazama mpaka chini, gari haishiki. Alisalimika kwa kurudisha gia chini mpaka L na kuivuta hendibreki kidogo kidogo. Gari yake nyuma ina breki za drum, na hendibreki inazivuta kwa waya, si kwa mafuta yale mabovu, ndizo zilizomuokoa baada ya Mungu. Alipopumzika nusu saa pedali ikarudi juu kama haikuwa na lolote. Mwengine angeshukuru akaendelea na safari.

Aliporudishwa nyumbani tukazivua gurudumu zote mbili za mbele.

Pedi moja ya kulia nyama yake ilikuwa imebanduka karibu nusu, imebaki chuma kitupu kinachong'aa. Pale ilipobanduka hakuna hata alama ya kushikana, gundi imekauka juu kama ganda. Nikachukua pedi nyengine, ambayo ilikuwa bado nzima, nikaikwangua ukingoni kwa ncha ya bisibisi: inamung'unyika kama udongo mkavu. Pedi ya kweli unaikwangua kwa nguvu na inakutolea unga kidogo tu. Na tafadhali, vumbi la breki musilipulize kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Pedi za asili isiyojulikana zinaweza kuwa na asbesto, na asbesto inaleta saratani ya mapafu. Pangusa kwa kitambaa kibichi.

Mafuta ndiyo yaliyonitisha zaidi. Mafuta ya breki ya kawaida, DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, yana tabia ya kuvuta maji kutoka hewani, na sisi tunaishi kisiwani, hewa yetu imejaa unyevu mwaka mzima. Kwa viwango, DOT 4 mpya isichemke chini ya nyuzi 230, lakini yakishaingia maji kiasi cha asilimia 3.7 tu, kiwango kinachodaiwa kinashuka mpaka nyuzi 155. DOT 3 ni 205 na 140. Sasa teremka mlima na mzigo, diski na pedi zinapashana moto, moto unapita kwenye pistoni ya kalipa unaingia kwenye mafuta. Yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu yanabonyea. Unakanyaga, unabonyeza mvuke, pedi hazipati nguvu. Yakipoa mvuke unarudi kuwa maji na pedali inarudi juu. Ndicho kilichomfika shemeji. Fundi mmoja wa Machomane ana kile kipimo cha kalamu chenye taa. Alipokitia kwenye kikopo cha mafuta ya breki cha gari, taa nyekundu ikawaka hapo hapo, maana yake maji yamepindukia. Ni mafuta ya wiki chache tu! Chini ya chupa mlikuwa na chembe nyeusi nyeusi. Kwa maoni yangu ni mafuta yaliyokwisha kutumika, yametolewa kwenye gari nyengine na kutiwa kwenye chupa mpya.

Boksi la jirani lilikuwa bado halijafungwa kwenye gari, tukalikagua lote. Mafuta yake tukayajaribu kwa njia ambayo kila mtu anaweza: gilasi ya maji safi, tone moja la mafuta. Mafuta halisi ya DOT 3 au DOT 4 yanachanganyika na maji na kupotea. Tone lile lilikaa juu, likatawanyika macho macho kama mafuta ya kupikia kwenye mchuzi. Hayo ni mafuta ya asili ya petroli, jamaa ya oili ya injini au ya stering, na yakiingia kwenye breki yanavimbisha raba zote: za kalipa, za masta silinda, na mipira inayopeleka mafuta kwenye magurudumu. Kuyamwaga hakutoshi, vitu hivyo vyote vinabadilishwa. Lakini mujue kuwa jaribio la gilasi halikamati mafuta yaliyotiwa maji, kwa sababu hayo nayo yanachanganyika. Kwa hiyo kinga ya kwanza ni chupa yenye lakiri isiyoguswa chini ya kifuniko. Chupa iliyofunguliwa, hata na rafiki yako, hata ikiwa imebaki robo tatu, usiitie kwenye gari.

Diski zilikuwa nyeusi, zimepigwa rangi nzuri. Niliingiza waya kwenye matundu ya kupitishia hewa katikati ya diski, ukatoka na kutu nyekundu pamoja na vumbi jeusi la breki. Diski mpya haina vumbi la breki. Kisha tukatumia vania, kile kipimo cha kubana cha kupimia unene: pembeni mwa diski pamepigwa muhuri wa MIN TH 20 mm, yaani haifai kutumika ikiwa nyembamba kuliko hapo, na vania ikasoma 19.3. Ni diski chakavu, zimechongwa kwenye mashine ziwe laini, zikapakwa rangi. Diski nyembamba haihimili moto, na inaweza kupinda au kupasuka. Vania ya bei rahisi inatosha kwa kazi hii, na nambari ya MIN TH iko kwenye diski karibu zote, ama ukingoni ama kwenye kikombe cha katikati. Muombe muuzaji akupigie picha ya nambari hiyo na ya vania ikiwa imebana diski. Huyu tulimuomba, akajibu kuwa yeye si fundi.

Tulipomdai alisema pedi mpya lazima zizoeane na diski kwanza. Ni kweli pedi mpya zinahitaji safari za mwanzo za kukanyaga taratibu, na harufu kidogo inaweza kuwepo. Lakini kuzoeana hakubandui pedi kwenye chuma chake, wala hakuzamishi pedali. Baadaye akasema mzigo ukishafunguliwa haurudi. Risiti hakutoa, tulipomuuliza risiti ya ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, akazifungia namba zetu.

Sasa kwa anayetaka kununua. Tazama mgongo wa pedi: ya maana ina chapa, namba ya bechi na herufi mbili za mshiko kama FF au GG, ya kwanza ni mshiko ikiwa baridi na ya pili ikiwa moto. Zilizopita kwenye kanuni ya 90 ya Umoja wa Mataifa zina E ndani ya duara, na kando yake maandishi 90R, na boksi lake linatakiwa liwe limefungwa kwa namna inayoonesha likifunguliwa. Alama inaweza kuigwa, ndiyo, lakini za huyu hazina hata ya kuigiza, migongo iko mitupu. Lipa baada ya kufungua boksi mbele ya mtu wako. Kama huna mtu Unguja, bora uongeze pesa ununue hapa hapa kwa duka ambalo kesho utalikuta pale pale.

Na wewe ambaye umeshafunga seti hii, usiende nayo barabarani kujaribu. Vua gurudumu nyumbani, gari likiwa juu ya stendi na si jeki peke yake, kagua pedi na diski, na uvute mafuta kidogo kwenye kikopo kwa sindano uyajaribu kwenye maji. Ukiona macho macho usikanyage pedali tena, mwite fundi aje gari lilipo.

Malalamiko ya bidhaa yanapokelewa na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, na ya ubora na Taasisi ya Viwango, ZBS. Ujumbe wa simu wa kitapeli unaweza kuutuma 15040. Boksi, chupa na karatasi ya boti musizitupe, hata kama zimechafuka: kwenye karatasi ya boti kuna jina la aliyepeleka mzigo Malindi, na hicho ndicho polisi wanachokitafuta sasa.