Rekodi za Mississippi John Hurt: ipi ununue kwanza, ipi baadaye, ipi uiache dukani

Andika jina la Mississippi John Hurt kwenye duka lolote la muziki mtandaoni, utamwagiwa albamu makumi kwa makumi. Candy Man ipo karibu kwenye kila jalada. Stack O' Lee nayo ipo, mara imeandikwa Stagolee. Mgeni hudhani mzee huyu wa bluzi ya vijijini alirekodi kama mvua, kumbe ni vikao vichache vinavyovishwa majalada mapya kila baada ya muda. Kabla hujatoa hela, uliza jambo moja: hizi zilirekodiwa mwaka gani? Majibu ni mawili tu, 1928, au kati ya 1963 na 1966. Muuzaji asiyetaja mwaka wa kurekodi, mwache na albamu yake.

Pengo hilo la miaka 35 ndilo linaloamua kila kitu, kwa hiyo tulieleze. Hurt alizaliwa Teoc, wilaya ya Carroll jimboni Mississippi, mwanzoni mwa miaka ya 1890, akakulia Avalon, kijiji cha jirani. Alikuwa mkulima na kibarua aliyepiga gitaa kwenye dansi za kwao. Willie Narmour, mpiga fidla wa eneo hilohilo, alimtaja kwa watu wa kampuni ya Okeh, nao wakamrekodi Memphis Februari 1928. Desemba wakamwita New York, akarekodi tarehe 21 na 28. Santuri hazikuuzika vya kutosha, mdororo wa uchumi wa 1929 ukaiangusha biashara nzima, naye akarudi shambani. Mwaka 1952 Frankie na Spike Driver Blues ziliingizwa kwenye mkusanyiko wa santuri za zamani wa Harry Smith uliotolewa na kampuni ya Folkways, na wengi waliozisikia waliamini mwenye sauti ile amekwisha kufa. Mwaka 1963 Tom Hoskins, kijana mpenzi wa santuri za zamani, alifuata maneno ya Avalon Blues, wimbo ambamo Hurt anaitaja Avalon kuwa ndiko kwao. Akafika, akamkuta mzima wa afya. Julai mwaka huo Hurt alikuwa jukwaani kwenye tamasha la muziki wa asili la Newport. Alifariki Novemba 2, 1966, mjini Grenada, Mississippi.

Kwa hiyo unachonunua ni ama mkono wa mtu wa miaka 30 na kitu uliorekodiwa kwa vifaa vya 1928, ama mkono wa mzee wa miaka 70 na zaidi uliorekodiwa kwa maikrofoni safi. Hakuna kikao kinachokupa vyote viwili.

Nambari 1: nyimbo 13 za 1928

Hizi ndizo za kuanza nazo, hata kama sikio lako halijazoea mkwaruzo wa santuri za zamani. Zilizosalia ni 13, hazikuzidi wala hazitapungua: 2 za Memphis, Frankie na Nobody's Dirty Business, na 11 za New York. Kati ya hizo, 12 zilitoka enzi hizo kwenye santuri 6 za Okeh, kuanzia nambari 8560. Big Leg Blues haikutolewa wakati ule. Kila wimbo una takriban dakika 3, kwa sababu upande mmoja wa santuri ya inchi 10 haukubeba zaidi ya hapo, na albamu nzima haifiki dakika 45. Ukiona CD imeandikwa "kamili 1928" yenye nyimbo 20, jua kuna za 1963 zimechomekwa, au kuna za watu wengine.

Toleo tunaloliweka mbele ni la Columbia/Legacy la 1996, Avalon Blues: The Complete 1928 Okeh Recordings. Columbia ndiyo iliyoinunua Okeh mwaka 1926. La Yazoo, 1928 Sessions, lina nyimbo zilezile 13, nalo halina aibu. Ukilipata kwa bei nafuu lichukue, usijisumbue kutafuta lingine. Angalia tu majina yasikuchanganye. Rounder walitoa CD inayoitwa Avalon Blues 1963, na wengi wameiagiza wakidhani ni ile ya Okeh. Ni muziki mzuri, ila ni wa mzee, si wa kijana.

Sababu ya kuzipa nafasi ya kwanza iko kwenye mkono wa kulia. Sikiliza Louis Collins, unaopigwa kwenye ufunguo wa C. Dole gumba linapiga besi mapigo manne kwa kila kipimo, likienda na kurudi kati ya uzi wa 5 na wa 4, wala halisimami hata anapoimba. Juu yake kidole cha shahada na cha kati vinaimba melodi kwenye nyuzi nyembamba, mara nyingi nusu ya pigo baada ya besi, na hapo ndipo wimbo unapoanza kuyumba kama mtu anayetembea kwa raha zake. Kidole cha pete na kidogo vimeegemea ubao wa gitaa, vinaushikilia mkono usiruke. Aliyekua akisikiliza gitaa kavu la Mwenda Jean Bosco wa Katanga, hasa Masanga aliyorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, atalitambua dole hilo mara moja, ingawa Bosco melodi yake aliipiga kwa kidole cha shahada peke yake. Mwaka 1928 Hurt alifanya haya kwa kasi ambayo baadaye hakuirudia. Frankie hasa inakimbia. Imepigwa kwenye G ya wazi, yaani kutoka uzi mnene D G D G B D, na ukijaribu kuicheza kwa tyuni ya kawaida vidole vitagombana bila sababu.

Sasa kwa nini soko limejaa matoleo ya bei chee ya nyimbo hizi? Sheria. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya, ulinzi wa rekodi za 1928 ulikwisha zamani, kwa hiyo yeyote anaweza kuzichapa. Marekani rekodi zilizotolewa kati ya 1923 na 1946 hulindwa miaka 100 tangu zilipotolewa, hivyo za Hurt hazitakuwa huru kabla ya Januari 1, 2029. Mchapaji wa bei chee mara nyingi huchukua CD ya mwingine, huipitisha kwenye programu ya kufuta kelele, basi.

Kufuta kelele ndiko kunakoharibu. Mkwaruzo wa santuri na mlio wa ncha ya kidole ikiachia uzi vinakaa kwenye masafa yaleyale ya juu. Ukifuta kimoja kwa pupa unakiondoa na cha pili. Jaribu hivi kabla ya kulipa: chukua kipande cha bure cha Got the Blues Can't Be Satisfied, vaa hedifoni, sikiliza sekunde 10 za mwanzo. Kila noti iwe na mwanzo mkali, kama ukucha ukigusa meza. Noti zikianza zimefumbwa, kama gitaa lipo chini ya maji, au kelele ikija na kuondoka kila anapoanza kuimba, hilo toleo limechujwa kupita kiasi. Kelele inayotulia mahali pamoja sikio litaizoea ndani ya nyimbo mbili. Kelele inayopumua haizoeleki.

Jambo la pili ni kasi. Santuri iliyochezwa haraka au polepole wakati wa kunakiliwa huhama sauti, na tofauti ya asilimia 6 hivi, kama mizunguko 4 na nusu kwenye 78 kwa dakika, inatosha kusogeza nusu toni nzima. Candy Man hupigwa kwa mkao wa vidole wa ufunguo wa A. Ukiwa na gitaa mkononi na ukakuta rekodi inalia katikati ya A na A bemoli, usikimbilie kusema toleo ni bovu, kwa maana Hurt mwenyewe huenda hakutyuni kwa kipimo cha studio. Tyuni gitaa lako kwa rekodi, usisubiri rekodi ikufuate. Kinachotia shaka ni sauti ya mtu: ikisikika nyembamba kama ya mtoto, hapo kasi imezidi.

Nambari 2: Today!

Hii ya kampuni ya Vanguard ilitoka 1966, nyimbo 12, na ndiyo ya kumpa mtu ambaye hajawahi kusikia bluzi hata siku moja. Sauti ya mzee imeshuka, imekuwa ya kunong'ona, na gitaa lipo karibu kiasi cha kusikia ngozi ya kidole ikiteleza kwenye uzi mnene. Maktaba ya Bunge la Marekani imeiingiza kwenye orodha yake ya rekodi za kuhifadhiwa. Make Me a Pallet on the Floor, kwenye C, ndio wimbo bora wa mwanafunzi wa gitaa kuanza nao, kwa vile mwendo ni wa pole na besi inasikika peke yake. Coffee Blues pia isikukose.

Kwa wanaotafuta santuri ya vinyl yenyewe: toleo la kwanza la stereo lina nambari VSD-79220, la mono VRS-9220. Hakuna haja ya kulipia zaidi kwa sababu ya stereo. Ni mtu mmoja na gitaa moja.

Nambari 3: seti ya CD 3 badala ya nambari 2

Mwaka 2000 Vanguard waliunganisha Today!, The Immortal ya 1967 na Last Sessions iliyotolewa 1972, wakaiita The Complete Studio Recordings. Ukiipata, usinunue Today! peke yake. The Immortal inafaa kwa ajili ya Richland Woman Blues na nyimbo za kanisani. Last Sessions ni ya miezi ya mwisho ya uhai wake. Mkono umepungua nguvu, lakini kuna nyimbo ambazo Today! haina. Tungeiweka ya mwisho katika hizo tatu, wala si ya kutupwa.

Nambari 4: kikao cha Maktaba ya Bunge, Julai 1963

Mtu hubadilika akishapata umaarufu, na hapa ndipo anaposikika kabla ya kuzoea jukwaa. Zinauzwa kama D.C. Blues, juzuu 2. Ni nyimbo nyingi, zipo na za kanisani ambazo hakuzirekodi mwaka 1928, na gharama yake kwa wimbo mmoja huwa ndogo. Ubaya ni kwamba mengi utakuwa nayo tayari kwenye Vanguard, yamepigwa kwa utulivu zaidi. Mwenye kujifunza gitaa anufaike: kusikia wimbo mmoja ukipigwa mara tatu, 1928, 1963 na 1966, kunaonyesha kipi ni mfupa wa wimbo na kipi ni mapambo.

Nambari 5: The Best of Mississippi John Hurt

Jina linadanganya. Huu si mkusanyiko wa nyimbo bora, ni onyesho zima la jukwaani, chuo cha Oberlin, Ohio, Aprili 15, 1965. Aliyetaka uteuzi atakasirika. Aliyetaka kumsikia mzee akizungumza na watu wake kati ya nyimbo atafurahi sana. Makofi yapo. Inunue ukijua hivyo.

Discovery, iliyotolewa 2011, ni mkanda alioupiga Hoskins huko Avalon Machi 1963. Ni hati ya historia. Sauti ni ya nyumbani, na tunaipendekeza kwa mtu mwenye nyingine zote.

Za kuacha: mkusanyiko wowote unaochanganya 1928 na miaka ya 60 bila kuandika tarehe. Utasikia kijana, kisha ghafla mzee, kisha kijana tena, na sauti itapanda na kushuka kila wimbo.

Unainunuaje

Ukinunua faili, usiutegemee mwaka unaoonyeshwa na programu, mara nyingi ni mwaka wa kupakiwa. Linganisha majina ya nyimbo na urefu wake. Albamu ya 1928 kwa MP3 ya 320 (kilobiti kwa sekunde) ni chini kidogo ya MB 100. Faili lisilobanwa la ubora wa CD huchukua kama MB 10 kwa dakika, yaani MB 400 hivi. Kwa mwenye kifurushi kidogo 320 inatosha, hasa kwa rekodi za 1928. Ya 128 iache, kwa sababu mbano mkali unashindwa kutofautisha mkwaruzo na muziki, na matokeo yake ni mlio wa kuchemka.

Ukinunua vinyl iliyotumika kutoka nje, soma daraja kwa macho ya wauzaji. NM ni karibu mpya, VG+ ina alama ndogo za juujuu, VG utasikia mikwaruzo nyimbo zikitulia. G inasomeka "nzuri" lakini maana yake imechakaa. Kwa muziki wa gitaa moja usishuke chini ya VG+, kwani hakuna ngoma ya kufunika kelele. Mwombe muuzaji aitoe santuri kwenye jalada na kuiweka nyuma yake kabla ya kufunga, la sivyo itapasua ukingo wa jalada njiani. Ikifika, isimame wima, mbali na dirisha. Santuri iliyoachwa ndani ya gari saa sita mchana Mombasa au Muscat hujikunja, na ikishajikunja hairudi.

Santuri asili za Okeh za 78 ni za wakusanyaji wenye fedha. Ukibahatika kushika moja, usiipige kwa sindano ya LP, yaani ya santuri za vinyl: ile ina ncha ya kama mikroni 18, nayo 78 inataka karibu 76. Sindano nyembamba itazama chini ya mfereji ambako uchafu umelala, utasikia kelele tupu na utadhani santuri imekufa. Gramafoni ya kuzungusha kwa mkono nayo usiisogeze karibu, maana sindano yake ya chuma hula mfereji kila inapopita.