Kipimo cha mkono siku ya tatu baada ya kiharusi: uzoefu wangu

Kiharusi kilinikuta usingizini. Nilipoamka, mkono wa kushoto umelala ubavuni kama si wangu. Siku ya tatu wodini alikuja binti wa tiba ya viungo. Nilidhani atanikanda, kumbe amekuja kunipima. Akanyanyua kichwa cha kitanda, akaniambia, "Mama, tanua mkono pembeni kama bawa." Ukapanda polepole, ukafika. "Sasa nyoosha vidole." Nikavikazia macho hadi machozi yakanitoka. Kidole cha shahada kikacheza, cha kati kikafuata kidogo, vingine vikatulia tuli. Akaandika: bega 3, vidole 2.

Kipimo hicho kinaitwa SAFE. Ni miondoko miwili tu, kila mmoja una alama 0 hadi 5, jumla 10, na hakihitaji mashine.

Lawama yangu ni moja, na ni nzito. Wahudumu walitajiana "tano" mbele yangu wakaondoka. Tano kwa kumi! Usiku kucha nililia nikijua nimeupoteza mkono. Asubuhi ndipo yule binti akanieleza kwamba mtu akifikisha 5 au zaidi siku ya tatu, mara nyingi mkono hurudi kufanya kazi vizuri ndani ya miezi 3. Maelezo ya dakika mbili yangeniokoa na usiku ule. Ukipimwa, usikubali waondoke kabla hujaelezwa.

Nilimuuliza kwa nini kunyoosha vidole. Akasema kukunja si kigezo, hata mkono uliopooza huweza kujikunja wenyewe. Kunyoosha kunadai ile njia ya neva itokayo kwenye ubongo hadi mkononi iwe bado hai. Wanaopata chini ya 5, palipo na kifaa, hupimwa kwa sumaku juu ya kichwa kuona kama ujumbe unafika. Jirani yangu wa kitandani alipata 1 na akakata tamaa, nami iliniuma sana. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba hata kati ya wale ambao siku ya pili hawakuweza miondoko hiyo miwili, karibu robo walipata uwezo fulani wa mkono baada ya miezi 6. Kwa hiyo alama ndogo haimaanishi mkono umekufa.

Faida kubwa kwangu ilikuwa kujua la kufanya. Kwa kuwa vidole vilikuwa na uhai, mazoezi yalielekezwa huko: kubana vibanio vya nguo kwenye ukingo wa kikombe na kuvitoa, mara mia na zaidi kwa siku. Baadaye wakanivisha glavu nene mkono wa kulia, ule usiougua, nisiutegemee. Ilinichosha vibaya, lakini ndiyo iliyonifaa kuliko yote. Nusu saa ya mtaalamu peke yake isingetosha, sehemu kubwa niliifanya na mwanangu. Yeye alifundishwa pia asinivute kamwe kwa mkono ule wakati wa kuninyanyua, maana bega lililolegea huumia upesi.

Mwezi wa tatu nilipimwa tena kwa kipimo kirefu cha miondoko ya mkono kiitwacho Fugl-Meyer, nikapata 54 kati ya 66. Nashika kikombe, nasokota kitambaa. Kifungo cha shingoni bado kinanichukua muda mrefu mbele ya kioo, na simruhusu mtu anifungie.